Saa Iliyopanda Ngazi

Jina lake kamili mmeliona kwenye jalada la ratiba hii. Humu ndani ataitwa Antena, kwa sababu hata mwalimu mkuu wake alishindwa kumwita vinginevyo. Wasifu huu umeandikwa na mama yake mzazi na unasomwa na mjomba wake, na mjomba amekubali kuusoma wote, pamoja na yale ambayo asingependa kuyasoma.

Tangu Jumapili yapo maneno yanayozunguka uani kuhusu mke wa marehemu na saa ya mkononi. Jana kuna aliyeuliza kama mkwe huyo akae kiti cha mbele pamoja na familia au akae nyuma na wageni. Jibu limo humu. Lakini litakuja mahali pake, maana maisha ya mtu huanza kwa kuzaliwa.

Antena alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1991, saa kumi na moja alfajiri, katika zahanati ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa dereva wa gari la maji. Mama yake alikuwa, na bado ni, mpishi wa shule ya bweni. Walikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, kwenye nyumba ambayo vikombe vilitembea wenyewe mezani kila injini ilipojaribiwa, na mtoto huyo alijifunza mapema kushika kikombe kabla hakijafika ukingoni.

Jina la Antena alilipata akiwa na miaka sita. Baba yake alikuwa amenunua televisheni ndogo, kuukuu, ambayo ilionyesha mvua tupu hata siku za jua. Jumapili moja alasiri majirani walijaa sebuleni kutazama mpira, na ikagundulika kwamba picha inatulia pale tu mtoto huyu anaposhika mlingoti wa antena huko nje. Basi wakamsimamisha juu ya pipa lililopinduliwa, mkono mmoja kwenye mlingoti, na kila alipotaka kujikuna watu wazima walimpigia kelele asisogee. Alisimama kipindi kizima cha kwanza. Mapumziko yalipofika aliomba maji, akanywa, akarudi kwenye pipa bila kuambiwa. Baadaye mama alimwonea huruma, akamwambia hakuona hata goli moja. Mtoto akasema aliyaona yote, kwa sababu alikuwa anatazama nyuso za watu dirishani. Waliomjua ukubwani watakubali kwamba kazi yake ilianza siku ile. Wengine walitazama vifaa. Yeye alitazama uso wa mtu aliyeshika kifaa.

Alianza shule ya msingi Januari 1998 na kumaliza mwaka 2004. Katikati ya miaka hiyo, Mei 2000, aliumwa koo, kisha magoti yakavimba na homa ikamlaza wiki tatu. Mama alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akiamini ni mafua yaliyoshukia miguuni. Homa ikaisha, mtoto akarudi shule, akakimbia kama wenzake. Hakuna aliyeikumbuka tena homa hiyo kwa miaka ishirini na tatu. Imeandikwa hapa kwa sababu itarudi.

Sekondari alisoma kuanzia 2005 hadi 2008, kisha akapata cheti cha ufundi wa elektroniki mwaka 2010. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu mkuu aliandika kwenye ripoti yake kwamba ni kijana mwenye adabu ambaye hapaswi kuachwa peke yake na redio ya ofisi.

Kuanzia Machi 2011 alitengeneza simu katika kibanda cha bati chenye upana wa meza moja. Mwaka 2015 aliajiriwa kwenye dawati la wateja la kampuni ya simu, akavaa tai miaka minne, na alisema kazi yenyewe ilikuwa kuomba radhi kwa makosa ya mitambo ambayo hajawahi hata kuiona. Oktoba 2019 aliacha tai, akafungua duka lake la chumba kimoja, na akaanza kurekodi sauti yake. Kila Ijumaa saa nne asubuhi alituma kwenye simu za watu mazungumzo ya dakika kumi yaliyoitwa "Tuone Kwanza". Alianza na wasikilizaji thelathini, wengi wao ndugu waliolazimishwa. Alipofariki walikuwa zaidi ya elfu kumi na moja.

Alipenda vitu vipya bila aibu. Boksi likifika alilipokea kama mtu anayepokea kichanga, akakata gundi kwa wembe, akafungua, akanusa kwanza. Lakini hakuwa mtu wa kusifia hovyo. Kuhusu simu inayokunjwa alisema usiulize kama inafunguka, uliza bawaba itachoka lini. Kuhusu programu ya kukata tiketi za basi iliyokuwa na kurasa saba kabla ya safari yenyewe, alisema ni kama kondakta anayekuuliza ulisoma shule gani kabla hajakuuliza unakwenda wapi. Mitambo mipya inayojibu maswali ya kila aina aliifurahia sana, akazungumza nayo wiki nzima, kisha akawaambia wasikilizaji kwamba inajibu kama mgeni aliyepotea mtaani na hataki kukiri. Na juu ya sasisho, yale mabadiliko ambayo programu hujifanyia zenyewe, alikuwa na onyo alilolirudia mpaka watu wakalikariri: "Sasisho likija linapanga nyumba upya bila kumwuliza mwenye nyumba. Asubuhi ukiamka, kagua kila chumba." Onyo hilo mlishike, maana yeye mwenyewe lilimponyoka mara moja.

Kipimo chake kikubwa kilikuwa mama yake. Alisema kifaa au huduma ambayo mama yake, aliyeishia darasa la sita, hawezi kuitumia bila kufundishwa, haijakamilika. Alipokuja nyumbani alimwekea kitu mezani, akakaa ng'ambo ya meza, akaweka mikono chini ya mapaja asije akashawishika kuonyesha kwa kidole, na kusema, "Mama, jifanye mimi sipo." Mama alimjibu kwamba yupo, na anapumua kwa nguvu. Hapo utulivu ulikuwa unaanza, na jasho. Mama alibonyeza, akapotea, akarudi, akashangaa, na mwanawe akayaandika yote kwenye daftari. Kuna simu iliyokataa alama ya kidole chake kwa sababu vidole vya mpishi vimelika na kuungua. Ijumaa iliyofuata Antena aliwaambia wasikilizaji kwamba simu isiyoutambua mkono unaofanya kazi ilitengenezwa kwa ajili ya mikono isiyofanya kazi. Kuna huduma ya hospitali ya kupanga miadi kwa ujumbe wa simu ambayo mama aliimaliza kwa dakika nne. Hiyo aliisifia mwezi mzima.

Kwa njia hiyo alimfundisha mama yake jambo moja bila kukusudia. Alimfundisha kuona kasoro.

Mke wake alikutana naye mwaka 2016 kwenye dawati la wateja. Binti huyo alikuja kulalamika kwamba sauti ya kampuni ilimwambia kwa dakika arobaini kuwa simu yake ni muhimu. Alimwuliza Antena jambo moja tu: "Muhimu kwa nani?" Antena akasema ataulizia. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 2018. Mke ni msafishaji wa jengo la ofisi lenye ghorofa sita na lifti moja, ambayo huharibika kama vile ndiyo kazi iliyoajiriwa kuifanya. Aprili 2020 walipata binti, ambaye leo ana miaka minne na anaamini kila skrini duniani ni mali ya baba yake.

Ugonjwa ulianza Novemba 2023. Alikuwa akibeba boksi la vifuniko vya simu, kitu chepesi, akalazimika kukaa. Desemba daktari wa moyo alimpima, akamwambia kuna mlango ndani ya moyo ambao umekakamaa na haufunguki vizuri, na kwamba atahitaji upasuaji. Tarehe ya upasuaji ilikuja kwa ujumbe wa simu, kupitia huduma ile ile aliyoisifia: Jumatatu tarehe 8 Julai 2024. Mama aliambiwa tu kwamba moyo umechoka kidogo na dawa zimetolewa.

Mwanzoni mwa Januari Antena alikuja nyumbani na saa ya mkononi ya kisasa, ya kuhesabu mapigo ya moyo, hatua, usingizi na mengine. Kama kawaida, mama aliivaa kwanza wiki nzima. Alitazama kila ukurasa wake. Aligundua kwamba picha ndogo ya ngazi inaongezeka moja kila apandapo kwenye stoo ya juu ya shule, na akaenda stoo mara tatu bila kuhitaji kitu ili kuhakikisha. Ilisoma tatu. Antena alicheka, akaandika kwenye daftari. Kisha akavaa saa hiyo yeye mwenyewe, akaiunganisha na simu ya mama, akasema sasa Mama hana haja ya kumpigia mara tano kwa siku. Ataona moyo wake palepale alipo.

Hapo ndipo mama alipoanza kuishi na namba. Simu ilikaa kwenye kizingiti cha dirisha la jiko la shule, kati ya chumvi na miiko, na namba ilikuwa inawaka. Tisini na nane. Mia na nne. Siku nyingine mia na kumi, na mtu amekaa tu. Badala ya kupiga mara tano akawa anapiga mara tisa. Maharage yalitiwa chumvi mara mbili, wanafunzi wakalalamika, na mpishi mwenzake akamwambia kwa upole kwamba namba ikipanda, yeye asishike chumvi. Mwanawe kwenye simu alikuwa mchangamfu, mwenye haraka, mwenye wateja. Mama alisikiliza maneno yake, lakini zaidi alisikiliza pumzi kati ya maneno.

Halafu, wiki ya kwanza ya Aprili, namba ikashuka. Sabini na mbili. Sitini na nane. Ikapanda kidogo mchana, ikatulia jioni, kama moyo wa mtu mzima mwenye afya. Mama alikaa kwenye gunia la mchele akalia kwa furaha. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari asiyemjua, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Desemba. Miezi miwili aliishi hivyo. Alipopigiwa, mazungumzo ya mwanawe yalikuwa mafupi zaidi, na mara nyingi ulikuja ujumbe badala ya simu, lakini namba ilisema sabini. Akaiamini namba.

Jumatatu tarehe 10 Juni, asubuhi, programu ya saa kwenye simu ya mama ilikuwa imejisasisha yenyewe. Kurasa zilikuwa zimehamishwa. Moyo ulikuwa umewekwa palipokuwa na tarehe, na chini yake ilikaa ile picha ya ngazi, ambayo mama hakuwa ameiona tangu Januari. Saa tatu asubuhi picha hiyo ilisoma saba. Saa tano ilisoma kumi na tisa.

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Duka la mwanawe lilikuwa chumba kimoja cha chini. Nyumba yake ilikuwa ya chini. Mtu anayelazimika kukaa akibeba vifuniko vya simu amepanda ghorofa kumi na tisa kabla ya saa sita, na moyo wake umetulia. Alimwandikia ujumbe kumwuliza yuko wapi. Jibu lilikuja upesi: "Niko dukani Mama. Wateja wengi leo. Nitakupigia." Alipomaliza kulisoma, ngazi zilikuwa ishirini na moja.

Antena alikuwa na kanuni kwamba kifaa kikitoa majibu mawili, usikiulize tena kifaa. Mwulize mtu. Mama alimpigia mkwe wake. Aliweka sauti ya nje ili aendelee kuona skrini.

Mkwe alipokea akihema. Alisalimu kwa adabu, akauliza hali ya jikoni. Mama akamwuliza yuko wapi, akasema kazini. Akamwuliza kama anapanda ngazi.

"Lifti imeharibika, Mama."

Kwenye skrini moyo ulikuwa tisini na nane.

"Mwanangu yuko wapi?" mama akauliza.

Hakujibiwa. Lakini aliona. Tisini na nane ikawa mia na tisa. Mia na tisa ikawa mia na ishirini na moja. Mtu aliyekuwa upande wa pili alikuwa amesimama kimya, bila hatua hata moja, na moyo ulikuwa unakimbia. Ndipo mama akaelewa ni moyo wa nani amekuwa akiushukuru kwa miezi miwili. Yapo maneno mazito yaliyomjia kinywani, na kama yangetoka yasingerudi. Kabla hayajatoka, mkwe wake alisema, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayevunja kitu alichokabidhiwa:

"Mama, njoo."

Hakusema zaidi, na mama hakuuliza zaidi. Kesho yake alipanda basi la kwanza. Ni safari ya saa nane, na kwa saa nane alishika simu mkononi akitazama moyo usio wa mwanawe, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Saa kumi jioni mkwe alimpokea akiwa bado na sare ya kazi. Saa ilikuwa mkononi mwake, mkanda umefungwa tundu la mwisho na bado unapwaya. Hakuificha. Walitembea hadi hospitali.

Antena alikuwa amelazwa ghorofa ya tatu tangu tarehe 28 Mei, akisubiri Julai. Alikuwa amekonda usoni na kuvimba miguuni. Alipomwona mama mlangoni hakushtuka. Aliuliza swali la fundi.

"Ilikuwa sasisho, siyo?"

"Ni ngazi," mama akasema.

Akafumba macho. "Nilisahau kukagua ngazi."

Wasifu huu hautaficha kwamba mama alikasirika. Alikaa kando ya kitanda saa nzima akimenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba. Antena ndiye aliyeeleza. Ni yeye aliyeihamishia saa mkononi mwa mkewe, mwanzoni mwa Aprili. Mke alikataa siku tatu, akalia, akasema Mama atajua tu. Antena akamwapisha. Ukurasa wa ngazi aliuondoa yeye mwenyewe, kwa sababu alijua jengo analofanyia kazi mkewe. Sababu aliitoa mwishoni, akitazama ukuta. Daktari alikuwa amemwuliza kama aliwahi kuugua koo na magoti utotoni, na akamweleza kwamba moyo wake uliharibika siku zile. Antena aliogopa kwamba Mama akiona namba halisi atakuja, akija atamwuliza daktari, na daktari atamwambia. Hakutaka mama yake aikumbuke ile Mei, na yale maji ya moto na chumvi.

Mama alimwambia kwamba amekwisha kuikumbuka. Aliikumbuka ndani ya basi, peke yake, bila daktari. Afadhali angeikumbuka akiwa amekaa hapa tangu Aprili. Kisha akampa chungwa, akala.

Walikuwa na siku tano. Mtu aliyehesabu mapigo kwa miezi mitano anajua siku tano ni nyingi. Mama alimwosha, akamgeuza, akasikiliza pumzi yake kwa sikio lake mwenyewe. Jumamosi tarehe 15 Juni Antena aliomba simu yake arekodi, ingawa haikuwa Ijumaa. Sauti ilikuwa ndogo. Aliwaambia wasikilizaji kwamba ile saa waliyoisubiri tangu Januari imemaliza majaribio, na anayetoa hukumu leo ni Mama. Akaweka simu kati yao. Mikono yake aliiweka chini ya mapaja, kama zamani, na hilo peke yake lilimchukua dakika nzima.

"Mama, saa hii imefaulu?"

Mama alifikiri, maana hajawahi kutoa jibu la haraka kwenye meza ya nyumbani. "Inahesabu vizuri," alisema. "Haijakosea hata ngazi moja. Ila haijui imevaliwa na nani."

Antena alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alipopata pumzi alisogea karibu na simu. "Msikilizaji, umesikia. Ukitaka kujua mtu wako anaendeleaje, nenda." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya "Tuone Kwanza". Dada yake atayatuma Ijumaa hii saa nne, kama alivyoagiza.

Jumapili tarehe 16 Juni asubuhi pumzi ilibadilika. Mkewe, aliyelala hapo hospitali, alikuwa ameteremka kuchukua maji ya moto, na lifti ya pale ni ya wagonjwa tu. Madaktari walifika, wakafanya walichoweza, mmoja akamwambia mama amshike mkono. Antena alikuwa anatazama mlangoni. Mama alijua anamtafuta nani. Alifanya jambo ambalo hakulifikiria kabla: kwa mkono wa pili alitoa simu, akatazama. Moyo wa mkwe wake ulikuwa unapanda. Ngazi zilisoma moja.

"Anakuja," mama akamwambia. "Anapanda."

Zikasoma mbili.

"Yuko ghorofa ya pili, mwanangu. Bado moja."

Alisubiri. Walioshuhudia watasema vivyo hivyo. Mkewe aliingia na chupa ya maji mkononi, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, na Antena akamwona. Alifariki saa tatu kasoro dakika kumi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, miezi mitatu na siku saba.

Sasa lile la uani. Jumatatu, mbele ya watu, mjomba anayesoma maneno haya alisema, "Mwanamke aliyechukua saa ya mume mgonjwa akaenda nayo kazini, alikuwa anangoja nini?" Mama alimsikia, na anamjibu hapa kwa sababu uani angelia asimalize. Alikuwa anangoja ruhusa ya kusema. Hakuipata, akasema hivyo hivyo. Bila maneno yake mawili kwenye simu, mama angekuwa jikoni Jumapili ile, anakoroga uji, anatazama namba nzuri. Watu wote mliokaa hapa mnaukisia moyo wa binti huyu. Mama ameutazama miezi miwili, mchana na usiku, kila pigo. Ameuona ukipanda ghorofa sita mara nne kwa siku, na jioni ukaenda hospitali kupanda nyingine tatu. Aliuona ulivyokimbia siku alipoulizwa mumewe yuko wapi. Hakuna saa iliyowahi kusema kweli kuliko ile ilivyosema dakika ile.

Jana mkwe alivua saa akataka kuirudisha. Mama alimwambia aivae, akaze mkanda kwa tundu jipya, na simu itaendelea kukaa dirishani kati ya chumvi na miiko. Mara hii kila mtu anajua imevaliwa na nani.

Marehemu ametanguliwa na baba yake, aliyefariki mwaka 2013. Ameacha mke, ambaye amekaa kiti cha mbele, mkono wa kulia wa mama. Ameacha binti yao wa miaka minne. Ameacha mama, dada mkubwa fundi cherehani, mdogo wake fundi bomba, mjomba huyu ambaye amesoma mpaka hapa na anashukuriwa, na wasikilizaji zaidi ya elfu kumi na moja ambao walimjua kwa sauti tu.

Antena, umesimama juu ya pipa kwa muda mrefu, mkono kwenye mlingoti, ili sisi tuone vizuri. Tumeona, mwanetu. Mpira umekwisha. Achia mlingoti, shuka, ukapumzike kwa amani.